Kodak Ektra au Tecno Camon CX? Naombeni ushauri kabla ya Ijumaa

Mpigapicha_Sabasaba: Wakuu, shemeji anarudi Ijumaa kutoka Uingereza, anaweza kuniletea simu ya Kodak Ektra. Au nichukue Camon CX hapahapa mjini. Ipi?

FundiMajengo: Mpya au ya mkononi? Bei? Unapiga picha gani? Bila hayo tutabahatisha tu, mkuu.

Mpigapicha_Sabasaba: Samahani. Hiyo Ektra imetumika miezi minne, laki nne. Napiga send-off na kipaimara, nafika hadi Kongwa. Kodak naiamini tangu mikanda ya picha 36, mzee wangu alikuwa na studio.

Bahi99: Mkanda na simu wapi na wapi! Kodak iliomba kinga ya kufilisika 2012. Hiyo simu wameitengeneza kampuni ya Bullitt, walewale wa simu za CAT. Unanunua jina. Mhandisi wa Kodak aliunda kamera ya dijitali 1975, kampuni ikaendelea kung'ang'ania mikanda. Leo ndiyo waiweze Samsung?

MamaKisasa: Nisikilize, mdogo wangu. Niliwahi kufuata jina hivyohivyo, simu ya kampuni iliyokuwa inayumba. Ikaniponyoka stendi, kioo kikapasuka. Nilizunguka mafundi wote wa Dodoma, wakasema kiagizwe Dar. Dar wakasema China. Wiki saba niko na kitochi, wateja wa alizeti wanataka picha za mzigo, sina. Kioo kilipokuja, upande wa kushoto haushiki, herufi "a" haiandiki. "Habari" inatoka "hbri". Iko kabatini mpaka leo.

Mpigapicha_Sabasaba: Pole dada. Ila Ektra ina megapikseli 21 na kitufe cha kupigia kama kamera kabisa. Camon ni 16.

FundiMajengo: Megapikseli peke yake haileti picha nzuri. Kioo cha Tecno nakubadilishia siku hiyohiyo.

Kijana_wa_Udom: Send-off kwa simu? Tafuta kamera ya Canon ya mtumba, bwana.

Bahi99: Siku hizi wanataka picha WhatsApp kabla keki haijakatwa.

Kijana_wa_Udom: Na wakitaka ya ukutani?

Bahi99: Mara ya mwisho umeombwa ya ukutani lini?

Kijana_wa_Udom: Jumamosi iliyopita, Chamwino. Tatu.

Mpigapicha_Sabasaba: Shemeji anataka jibu kesho asubuhi. MamaKisasa, kile kioo kilikugharimu ngapi?

MamaKisasa: Elfu themanini. Na nauli ya basi kwenda Dar mara mbili.