Naomba ushauri: makato ya ovadrafti siyaelewi

Habari zenu wakuu. Nauza dagaa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Benki ilinipa ovadrafti (ruhusa ya kutoa pesa kuzidi salio langu) ya shilingi milioni 2, na uvuvi Ziwa Tanganyika uliposimamishwa Mei hadi Agosti 2024 niliitumia karibu yote. Riba naielewa, tulikubaliana. Kinachoniumiza ni "ada ya kuvuka kikomo", imekatwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na nikisoma taarifa ya akaunti naona kilichonivusha kikomo ni makato yao wenyewe! Nikiuliza dirishani najibiwa "ni mfumo". Mtaji wangu unaisha hivi hivi.

Najua malalamiko huanzia benki yenyewe, kabla ya kufika Benki Kuu. Aliyewahi kupitia haya, barua uliiandikaje na uliambatanisha nini? Mkataba ninao.