Naomba ushauri: spika za studio zinavuma nikichomeka chaja ya laptopu

Habari zenu wakuu. Nina studio ndogo ya kurekodi hapa Mwanga, Kigoma, chumba cha kupanga. Spika zimeanza kutoa mvumo mzito usiokatika, na juu yake kamlio kembamba kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Nimepima kwa programu ya simu, mvumo unasimama kwenye hezi 100. Umeme wetu ni wa hezi 50, na 100 ni mara mbili yake, kwa hiyo naamini unatoka huko.

Nimezima friji na taa zote, hakuna tofauti. Nikichomoa chaja, laptopu ikabaki na betri, kimya kabisa! Nikirudisha, mvumo huo hapo. Kwenye hedifoni hausikiki. Nimehamishia vyote kwenye soketi moja, mvumo umepungua sana ila ule mlio wa nyuki umebaki. Nyaya za kwenda kwenye spika ni za jeki za kawaida zisizo balansi (hazina waya wa pili wa sauti wa kufuta kelele), mita 5, na zimelala sambamba na ekstensheni.

Jirani kaniambia nikate pini ya ethi (waya wa ardhini) kwenye plagi. Nimekataa. Wasanii wanashika maiki ya chuma hapa, na hiyo ethi ndiyo inayowalinda na shoti.

Sasa wakuu, nikibadilisha nyaya ziwe za balansi zitatosha, au ninunue kabisa transfoma ya kutenganisha sauti (inayopitisha sauti bila nyaya za pande mbili kuungana moja kwa moja)? Na ethi ya nyumba ya kupanga, fundi anaipimaje kujua kama kweli inafanya kazi? Jumamosi nina kwaya ya kurekodi.