Kundi la familia: nani atabaki na mtoto?

Rehema: Shikamooni wakubwa. Chuo kimenijibu, nimepata nafasi! Muhula unaanza mwezi ujao na bado sijui mtoto nitamwacha na nani. Naombeni mawazo.

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Hongera sana sana. Mlete kwangu. Nimekulea wewe, nimemlea mama yako.

Rehema: Asante Bibi. Hakuna ninayemwamini kukushinda. Ila ana miezi 7 tu, bado ananyonya, na kwako ni mbali. Nitakuwa namwona likizo hadi likizo. Hilo siliwezi Bibi.

Bibi: Nimekuelewa mama. Basi tutafute namna nyingine, lakini nami niwemo.

Shangazi: Hongera mwanangu. Umeshapita kwa mshauri wa wanafunzi? Vyuo vingine vina kituo chao cha kulelea watoto, vingine vina mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wazazi. Mara nyingi havitangazi, mpaka mtu aulize.

Rehema: Nimepita. Kituo kipo ila foleni ni ndefu, kuna waliojiandikisha wakiwa bado wajawazito. Kuhusu mfuko wamenipa fomu, wanataka cheti cha kuzaliwa na makadirio ya ada kutoka kwenye kituo tutakachochagua.

Dada Mkubwa: Foleni hiyo usijitoe hata ukipata kwingine. Muhula ukiisha watu wanahitimu, nafasi zinaachwa wazi. Uwe unawakumbusha.

Yusufu: Shikamooni. Tumetembelea vituo 2 nje ya chuo. Kimoja ada yake ya mwezi ni ndogo kuliko mwenzake, tunaelekea kukichukua hicho.

Dada Mkubwa: Shemeji, msilipe kwanza. Ada ya mwezi peke yake haitoshi kuamua. Nimesoma nikiwa na mtoto, nayajua haya. Ulizeni: likizo ya chuo mnalipa au hamlipi? Vituo vingi vinataka ulipie nafasi hata mtoto akiwa nyumbani. Akiugua siku kadhaa, hela inarudi? Ukichelewa kumchukua wanatoza kwa dakika au kwa saa? Kuna amana, na inarudishwa? Ukitaka kumtoa unatoa notisi ya muda gani? Kile cha nafuu kinafunga saa ngapi? Kama kinafunga kabla vipindi vya Rehema havijaisha, mtalipa faini ya kuchelewa kila wiki na unafuu wote umekwisha.

Yusufu: Kinafunga saa 10 jioni. Hatukulifikiria kabisa.

Rehema: Siku moja ya wiki nina kipindi mpaka saa 12 😟

Dada Mkubwa: Omba kuhamishiwa kundi la asubuhi kabla ratiba haijafungwa. Waeleze wazi kwamba una mtoto mchanga. Ila usikimbilie kupunguza masomo. Sehemu nyingi ukishuka chini ya mzigo fulani wa masomo, mkopo nao unapungua au unasimama. Uliza bodi ya mkopo kwanza, tena kwa maandishi.

Mjomba: Jambo la mkopo ndilo linaloniumiza kichwa. Mkopo unaingia kwa mkupuo mwanzoni mwa muhula, kituo kinadai kila mwezi. Tena mara nyingi unachelewa. Siku ukiingia, toeni ada ya kituo ya muhula mzima muiweke pembeni kabla hamjagusa kitu. Na mwombeni mwenye kituo asubiri malipo ya kwanza mpaka hela iingie, mkiwa na barua ya chuo mkononi. Wengi wanakubali wakiambiwa mapema. Wanachokichukia ni mzazi anayekaa kimya.

Mjomba: Amana nitalipa mimi. Hiyo msiiweke kwenye hesabu.

Rehema: Mjomba 😭 Mungu akubariki.

Shangazi: Mmeongea hela, sasa tumwongelee mtoto. Nimefanya kazi kwenye vituo miaka mingi. Kwa wachanga, mlezi 1 awe na watoto 3, wakizidi sana 4. Mkikuta mlezi mmoja na kundi la wachanga, ondokeni, hata kama ukuta umechorwa vizuri. Angalieni wanavyolazwa: chali, kwenye godoro gumu, bila mito wala mablanketi mazito. Nendeni bila kutoa taarifa, saa ya kulisha au ya kulala. Kituo kinachokataa mzazi asiingie ndani mchana, mimi mwanangu simwachi hapo.

Yusufu: Kile cha bei nafuu walituonyesha ofisi tu.

Shangazi: Basi rudini mkaone vyumba.

Rehema: Na maziwa Shangazi? Nataka aendelee na yangu.

Shangazi: Inawezekana kabisa. Yaliyokamuliwa sasa hivi yanakaa saa 4 kwenye ubaridi wa kawaida wa chumba, kukiwa na joto yaingie kwenye friji mapema. Kwenye friji yanafika siku 4. Andika jina na tarehe kwenye kila chupa. Akimaliza kunywa, maziwa yatakayobaki kwenye chupa yasipitishe muda wa saa 2, yamwagwe. Na uulize chuoni kama kuna chumba cha kukamulia, chooni usikubali.

Dada Mkubwa: Kingine. Miezi ya kwanza kituoni ataugua mafua mara kwa mara, watoto wanaambukizana. Akiwa na homa au anaharisha hawampokei, na wako sahihi. Siku hiyo nani anabaki naye? Amueni leo, msingoje saa 12 asubuhi mkiwa mmevaa viatu.

Yusufu: Nikiwa na zamu ya usiku nabaki mimi. Zamu ya mchana ndiyo tatizo.

Kaka Salim: Zamu za mchana niiteni mimi, nafanyia kazi nyumbani. Na ile siku ya kipindi cha jioni nitamchukua mimi kituoni.

Rehema: Kaka una uhakika? Ni kila wiki, muhula mzima.

Kaka Salim: Nina uhakika. Niandikeni kwenye kalenda.

Bibi: Na mitihani?

Rehema: Mitihani inafululiza wiki 2 Bibi, mingine ni jioni.

Bibi: Hizo wiki nakuja kukaa kwenu. Wewe unasoma, mimi nakaa na mtoto. Nitumie tarehe mapema nijipange na dawa zangu.

Rehema: Bibi yangu jamani ❤️ Nakutumia zikitoka tu.

Yusufu: Tumekubaliana na mama mtoto, kesho mchana tunarudi kwenye vile vituo 2 bila kupiga simu.

Shangazi: Chukueni na kadi ya chanjo, wataiulizia.

Rehema: Kaka Salim, kuna fomu ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Nitumie picha yako na nakala ya kitambulisho, sio hapa kwenye kundi, nitumie mimi.

Kaka Salim: Nimeshatuma, angalia.