Kifafa kiliniangusha mbele ya watoto wa kanisa, niache kufundisha?

Mama_Nyalenda:
Bwana asifiwe wapendwa. Niko Kisumu, nina miaka 34, kifafa nimeishi nacho tangu darasa la sita. Watoto wa Jumapili nimewafundisha miaka saba na hakuna kazi naipenda kama hiyo. Dawa ilikuwa imenishika vizuri, karibu miaka miwili sijaanguka, sasa Jumapili ile ingine nikiwa naandika ubaoni nikasikia ile harufu ya kitu kuungua ambayo hunijia kwanza, nikajua, nikaweka chaki chini nikamwambia yule msichana mkubwa angalia wadogo. Kuamka niko kwa simenti, nimejikojolea, watoto wanalia, na kuna mtu alinitia kijiko mdomoni jino likavunjika.

Mzee mmoja wa kanisa akaniita akasema hilo ni pepo, ati nifunge siku saba, niwache dawa kwa sababu kumeza ni kuonyesha siamini, na nisisimame tena mbele ya watoto mpaka nifunguliwe. Akanisomea Mathayo 17, yule kijana wa kuanguka motoni na majini, na Biblia yetu imeandika wazi "ana kifafa". Sikuwa na jibu. Nimeombewa tangu utoto jameni, mikesha, krusedi, mafuta. Juzi usiku nilikaa kitandani na pakiti ya dawa mkononi karibu saa nzima, nimeze nisimeze. Nilimeza lakini nikilia. Je, nikimeza namkana Mungu? Na darasa niliache?

Nesi_wa_Kakamega:
Pole sana dadangu. Dawa USIACHE hata siku moja. Ukikata ghafla unaweza kushikwa mfululizo bila kupata fahamu katikati na hiyo inaua. Rudi kliniki waambie umeanguka baada ya muda mrefu, saa zingine ni dozi imerukwa, homa, ama kukosa usingizi, hata hiyo mikesha. Na waambie watu wa kanisa hakuna kijiko wala kidole mdomoni, wakulaze ubavu, kitu laini chini ya kichwa, waangalie saa, dakika tano zikipita watafute gari.

Baba_Lanet:
Dada, nami nina neno, nivumilie ni refu. Huyo mzee asome Mathayo 17 mpaka mstari wa 20. Wanafunzi wanauliza mbona sisi tulishindwa, Yesu anawajibu ni kwa upungufu wa imani yenu. Yenu, waombaji! Kijana mgonjwa hakulaumiwa hata neno moja. Halafu arudi Mathayo 4:24, pale wenye pepo wametajwa na wenye kifafa wametajwa, kila mmoja peke yake.

Mimi nilikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Zamani nikienda kuona wagonjwa nilikuwa nasimama pale miguuni pa kitanda, nasoma mstari, naomba kwa sauti, naenda. Siku hizi sina budi kuketi, magongo naegemeza ukutani, na nikishaketi mgonjwa anaanza kuniambia mambo ambayo hakuwahi kuniambia nikiwa mzima. Paulo aliomba mara tatu ule mwiba uliomtesa mwilini utolewe, haukutolewa, akaambiwa "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Nilikuwa nikiusoma huo mstari kama pole ya kumpa mtu aliyenyimwa kitu. Sasa naona Paulo alijibiwa kabisa, ni vile tu jibu halikuwa lile aliloomba.

Mwombaji254:
Baba hapo sawa lakini tusizime uponyaji, mimi nimeona watu wakipona kwa macho yangu. Dada endelea kuomba.

Baba_Lanet:
Amina, aombe, na mimi naomba naye. Aombe akiwa amemeza dawa. Paulo huyohuyo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na hakumwambia umekosa imani.

MamaPacha_Luanda:
Mimi nimesoma nikilia. Mmoja wa pacha wangu anaanguka, ana miaka tisa, shuleni hakuna anayetaka kukaa naye dawati moja wanaogopa mate yake eti ataambukiza, na haiambukizi. Hajawahi kuona mtu mzima mwenye kifafa akiwa amesimama mbele ya watu anafundisha. Tafadhali usiache hiyo darasa.

Mama_Nyalenda:
Nimesoma zote, zingine mara mbili. MamaPacha, mwambie mtoto wako mwalimu wa Kisumu anamsalimia, na mwambie mimi pia nilikuwa nakaa dawati peke yangu. Kesho naenda kliniki, binamu yangu atanipeleka na boda yake. Yule mzee nitamwendea na hiyo Mathayo 4, kwa heshima. Jumapili somo ni Musa mlimani, ile Kutoka 17 mikono yake imechoka wanamwekea jiwe akalie, Haruni na Huri wanamshika huku na huku. Nitafundisha nikiwa nimeketi, yule msichana mkubwa ameshaniambia chaki atashika yeye.