Pumu ya unga wa mkate: nimeoka Ubelgiji, kisha Ujerumani. Nani analipa fidia?

Kutoka Aachen, Jumapili usiku

Hamjambo ndugu zangu. Nilioka mikate Liège miaka sita, nikavuka mpaka, na huu ni mwaka wa tatu niko Aachen. Tangu majira ya baridi kifua kinanibana kila zamu ya usiku. Nikipumzika siku tatu kinafunguka, nikirudi kwenye unga kinaanza upya. Daktari anasema ni pumu ya waokaji. Mwenzangu kazini ananishauri nidai nusu Ubelgiji, nusu Ujerumani. Mke wangu anataka turudi Mombasa mwakani, nami naogopa haki yangu isije ikabaki huku. Bado natumia pasipoti ya Kenya. Naombeni mwongozo.

Jibu kutoka Köln

Mdogo wangu, pole sana. Hayo ya nusu kwa nusu yaache kabisa. Mimi niliupata ugonjwa wa ngozi kwa saruji, kwanza Uholanzi kisha hapa. Barua zangu zilizunguka kati ya ofisi mbili karibu miaka miwili, kila moja ikinielekeza kwa mwenzake, nami sikujua kuna kifungu cha kuwabana nacho.

Ni kifungu cha 38 cha Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 883 ya 2004. Ukiwa umefanya kazi inayoweza kuleta ugonjwa huo katika nchi mbili au zaidi za Umoja, anayelipa ni nchi ya mwisho ambayo masharti ya sheria yake umeyatimiza, na inalipa peke yake. Kwa hiyo unaanzia Ujerumani. Wakiona hujatimiza masharti yao, kanuni ya utekelezaji, namba 987 ya 2009, inawalazimu wao wenyewe kupeleka faili na vipimo kwa wenzao wa Ubelgiji bila kuchelewa. Kubeba bahasha si kazi yako. Na pasipoti ya Kenya haikuzuii: tangu 2011 kanuni hizi zinawahusu pia raia wa nje ya Umoja wanaoishi humu kihalali na waliovuka mpaka kama wewe.

Kesho muulize daktari kama ametuma taarifa kwa Berufsgenossenschaft, ile bima ya ajali na magonjwa ya kazini ambayo michango yake hutolewa na waajiri. Akiwa na sababu ya kushuku kwamba kazi ndiyo iliyokuumiza, sheria inamtaka atoe taarifa, wala hakufanyii hisani. Watu wa mikate wako chini ya BGN, ile ya sekta ya vyakula, makao yake Mannheim. Ugonjwa wako ni namba 4301 kwenye orodha ya Ujerumani ya magonjwa ya kazini, itaje katika kila barua. Omba kile kifaa kidogo cha kupuliza kinachopima nguvu ya pumzi, uandike namba zako siku za kazi na siku za mapumziko. Daftari hilo litakusemea. Wala usikimbilie kuacha kazi kwa sababu ya maneno ya watu. Zamani ilibidi uwe umeacha ndipo pumu hii itambuliwe, lakini sharti hilo lilifutwa tarehe 1 Januari 2021. Inaniuma kuona bado tunalirudia vikaoni kwetu.

Pensheni ya ugonjwa wa kazini inaanza uwezo wa kufanya kazi ukipungua kwa asilimia 20 au zaidi, na hali hiyo ikapita wiki 26. Ukienda Mombasa inakufuata. Kuhusu matibabu ya kule, sheria inasema utarudishiwa gharama kwa kiasi kinachostahili, kwa hiyo tunza kila risiti.

Mnajua, mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu fidia ya magonjwa ya kazini, namba 18 wa 1925, ulitaja matatu tu: sumu ya madini ya risasi, sumu ya zebaki na kimeta. Pumu ya kazini iliingia kwenye orodha ya mkataba namba 121 wa 1964 ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1980. Nikiwafikiria waokaji wa miaka yote ile ya katikati, nasikia uchungu.

Jibu kutoka Brussels

Kaka wa Aachen, pole. BGN watataka historia yako yote ya kazi. Kama itsme yako, ile programu ya simu ya kujitambulisha mtandaoni, bado inafanya kazi, ingia tovuti ya mycareer.be upakue orodha ya waajiri wako wa Liège, hata waliofunga.

Kutoka Aachen, Jumanne

Asanteni sana. Daktari alikuwa hajatuma, ametuma leo. Orodha nimeipata, ila mwaka wa kwanza haumo. Nilikuwa nalipwa mkononi.

Jibu kutoka Köln

Uandike hivyo hivyo, usiufiche. Kifua chako kilivuta unga mwaka huo pia. Mtafute yeyote uliyekuwa naye zamu moja, aandike na kutia saini kwamba mlioka pamoja, aweke na tarehe. Na picha za simu za wakati ule, usifute hata moja.