Kuhama Dallas kwenda Aarhus, naomba walioishi Marekani na Denmark wanishauri

Ngosha wa Dallas:

Wakuu habari za muda huu. Naomba mnivumilie maelezo ni marefu kidogo, ila hili jambo linaninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Mimi ni Mtanzania, niko hapa Dallas tangu 2017, nilipata grini kadi ya bahati nasibu tukaja na mke na mtoto mmoja, wa pili kazaliwa hapahapa. Nafanya CNA, yani msaidizi wa muuguzi, kwenye nyumba ya wazee, shifti ya usiku, wikiendi napiga ovataimu. Mke alirudi shule kamaliza masta na sasa kapata nafasi ya PhD kule Aarhus, Denmark, miaka mitatu. Kumbe kule PhD ni ajira kabisa, unalipwa mshahara na pensheni juu, familia inaruhusiwa kuongozana nae na mwenza anaruhusiwa kufanya kazi. Anatakiwa aripoti mwezi wa pili 2026.

Sasa mwenye kigugumizi ni mimi. Nimempigia kaka yangu Mwanza akaniambia watu wanapanga foleni ubalozini usiku kuitafuta Marekani, wewe uliyeipata unaiacha unaenda kwenye nchi ambayo mkoa wa Tabora unaimeza. Na kweli nimeangalia, Tabora ni kilometa za mraba kama elfu 76, Denmark ukiiondoa Greenland, kile kisiwa kikubwa cha mbali kilicho chini yake, ni elfu 43, watu wote milioni 6, yani uchukue Dar es Salaam uongeze kidogo tu. Mi hapa niko kwenye taifa lenye nguvu za kijeshi na pesa nyingi kuliko yote duniani.

Lakini wakuu huo ukubwa mimi siuoni ukipita mlangoni kwangu. Mke alipojifungua huyu wa pili, sheria ya hapa ya mwaka 1993 inakupa wiki 12 za kukaa nyumbani bila malipo, na hiyo ni kama mwajiri ana wafanyakazi 50 kwenda juu, yeye alikuwa kwenye ofisi ndogo kwa hiyo hata hizo hakuwa nazo, wiki ya sita akarudi kazini bado anashika ukuta akipanda ngazi. Mwaka juzi mkubwa kavunjika mkono shuleni, bima tunayo na tunakatwa kila wiki mbili, bado bili ikaja dola 3,800 kwa sababu tulikuwa hatujafikisha kile kiwango cha kutoa mfukoni kwanza ndio bima ianze kulipa. Nimeilipa miezi 14. Na kila wakifanya zoezi la kujificha chini ya meza shuleni, lile la kujiandaa mtu akiingia na bunduki, mtoto anarudi kimya siku nzima.

Kwa upande mwingine hapa nimenunua nyumba, nimejenga kwa mama, nasomesha wadogo zangu wawili. Kule lugha sijui, cheti changu cha CNA sijui kama kina maana. Walioishi kote naombeni ukweli, maisha yakoje siku ya kawaida, sio yale ya kwenye orodha za nchi zenye furaha.

Mama Zuu, Odense:

Kaka karibu. Mimi niko Denmark tangu 2014, kabla ya hapo nilikaa Maryland miaka mitano kwa dada yangu, kwa hiyo nakujibu nikiwa nimekula chumvi ya kote.

Nianze na hilo la mtoto kuvunjika mkono maana limenigusa. Huku ukishasajiliwa manispaa unapewa namba ya utambulisho na kadi ya afya, sisi tunaiita kadi ya njano, na unachagua daktari wako wa karibu. Mwanangu alipasuka kichwa kwenye bembea, tukapiga simu, tukaambiwa twende emajensi, wakamshona, tukarudi nyumbani. Nilikaa wiki mbili nafungua sanduku la barua na moyo unanidunda nasubiri bili, mazoea ya Maryland hayo. Haikuja. Mpaka leo haijaja. Sio kwamba kila kitu ni bure, meno ya mtu mzima unalipia na yanauma mfukoni, dawa za duka unachangia, na ukiwa na tatizo la mtaalamu unaweza kusubiri miezi. Lakini ile hofu ya kwamba ugonjwa mmoja utanirudisha sifuri sinayo tena, na sikujua nilivyokuwa naibeba mpaka siku ilipotoka.

Likizo ya mwaka ni wiki tano kisheria. Uzazi, tangu 2022 wakigawana sawa kila mzazi ana wiki 24 baada ya mtoto kuzaliwa, nyingine baba na mama mnaweza kuhamishiana na nyingine hapana, baba asipozichukua zinapotea. Kwa hiyo utaona wanaume wa kidenishi saa nne asubuhi wanasukuma vigari vya watoto mjini na hakuna anayewashangaa. Chekechea mzazi anachangia si zaidi ya robo ya gharama, iliyobaki ni ya manispaa.

Sasa nikuambie upande wa pili ili usije ukanilaumu. Kodi. Mshahara ukiingia umeshapungua zaidi ya theluthi, alafu dukani kuna VAT asilimia 25 kwenye kila kitu mpaka maziwa, na gari lina ushuru wa kutisha, ndio maana mimi na mume wangu na watoto wote ni baiskeli, mvua iwe inanyesha au la. Zile pesa za kujenga kwa mama kama ulivyofanya wewe, huku utachukua miaka mingi zaidi kuzipata. Mimi naona kodi hiyo ni pesa ile ile uliyolipa wewe hospitali, ila huku inakatwa mapema na inakatwa kwa kila mtu, lakini kwa anayesomesha ndugu nyumbani hesabu hiyo ni chungu, sitakudanganya.

Na upweke. Denmark mtu anaweza kuwa jirani yako miaka mitatu hajakuuliza jina. Desemba jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na kabla ya saa kumi jioni limezama, mwaka wa kwanza nililia bila sababu. Bila lugha wewe ni mtu nusu, nasema hivi kwa uchungu. Cheti cha CNA hakitakusaidia sana, ila kuna mafunzo wanaita SOSU, ya kuhudumia wazee, unalipwa mshahara wa mwanafunzi ukiwa unasoma, na wanahitaji watu sana. Ila yote ni kwa Kidenishi.

Jambo moja la mwisho, mimi bado nina pasi ya Tanzania. Juzi tarehe 18 Novemba nimepiga kura ya manispaa, mgeni ukikaa miaka minne unaruhusiwa. Mgombea alikuja mpaka kwenye jengo letu akakaa jikoni kwangu akaniuliza kuhusu basi la shule. Maryland miaka mitano sikuwahi kuonana hata na diwani.

Mtoto wa Kisauni:

Ndugu yangu mimi naona umeulizia Marekani lakini ulichokieleza ni Texas. Haya ni majimbo 50 na kila moja ni kama nchi yake. Texas ilikataa kupanua Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wakati majimbo mengi yamepanua, kodi ya mapato ya jimbo hakuna, sasa huduma zitatoka wapi? Mimi niko Minneapolis, jimbo letu lilipitisha sheria 2023 ya kulipa likizo ya uzazi na ya ugonjwa, malipo yanaanza Januari 2026. Kabla hujavuka bahari fikiria kuvuka mpaka wa jimbo.

La pili ndilo linalonikera watu wakisifia hizi nchi ndogo. Wanawapa huduma, sawa, lakini mlango wa kuwa mmoja wao wameufanya mwembamba mno. Mtoto wako aliyezaliwa Dallas ni Mmarekani tangu siku ya kwanza, iko kwenye katiba tangu 1868. Ungemzaa Denmark angekuwa na karatasi zenu wazazi tu. Wewe kule ukazi wa kudumu kwa kawaida ni miaka 8, uraia 9, na mitihani ya lugha juu, na masharti wanayabadilisha kila serikali ikibadilika. Kuna mitaa wanaihesabu kwa asilimia ya watu waliotoka nje ya nchi za magharibi, ikizidi nusu na vigezo vingine vikitimia, mtaa unaingia kwenye orodha na serikali inaweza kubomoa majengo watu wahamishwe. Hiyo ni sheria ya 2018, sio maneno ya kijiweni.

Alafu angalia huku. Ilhan Omar, mzaliwa wa Somalia, alikaa kambi ya wakimbizi ya Utange, pale pale kwetu Mombasa, mimi utotoni nilikuwa napita nje ya ile kambi. Akaja huku 1995, na 2018 wilaya yangu ikamchagua kwenda bunge la Marekani. Wallahi usiku ule mama yangu alisujudu. Anatukanwa, anaambiwa arudi kwao, najua yote hayo na wewe unayajua, lakini kiti amekalia na kura nilimpigia mimi. Huku lafudhi yangu haijawahi kunizuia kufungua biashara. Hospitali na likizo zinapiganiwa na zinaweza kubadilika, sisi hapa tumeshaona zikibadilika.

Karani Mstaafu:

Mimi nitagusa karatasi tu. Ndugu una grini kadi tangu 2017, miaka mitano imepita zamani, ulishaweza kuomba uraia. Ukihamia Denmark miaka mitatu bila kufanya lolote hiyo kadi unaipoteza, kukaa nje zaidi ya mwaka ni hatari, kuna kibali cha kurudia kinachoombwa ukiwa bado ndani ya Marekani na kinakupa mpaka miaka miwili, haitoshi kwa PhD. Ukiomba uraia kwanza unabaki na mlango wa kurudi. Ila Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo unachagua, na hata haki ya nyumba na kiwanja Tanzania inaingia humohumo. Ongea na mwanasheria kabla hujakata tiketi. Na hata ukiwa Denmark Marekani itaendelea kukutaka ujaze fomu za kodi kila mwaka.

Kipanga:

Hakuna aliyetaja Greenland. Mnasema nchi ndogo ina raha, lakini mwaka huu 2025 rais wa Marekani kasema wazi anaitaka Greenland na hakukataa kutumia jeshi. Mwaka 2019 aliposema anataka kuinunua, waziri mkuu wa Denmark Mette Frederiksen akasema ni wazo la kipuuzi, na rais akafuta ziara yake ya Denmark. Denmark hiyo hiyo ilipeleka askari Afghanistan pamoja na Marekani, wakafa zaidi ya 40, kwa nchi ya watu milioni 6 hao ni wengi sana. Ukiwa mdogo usalama wako uko mkononi mwa mkubwa, na mkubwa anaweza kuamka vibaya.

Mama Zuu, Odense:

Kipanga hilo ni kweli kabisa, na huku limewashtua watu. Wazee ninaowahudumia walikuwa wanaiona Marekani ndiyo ngao yao, siku hizi taarifa ya habari ikianza wananyamaza. Wasichana nao tangu Julai wameingizwa kwenye jeshi la lazima kama wavulana. Binti yangu angekuwa raia lingemhusu.

Na Mtoto wa Kisauni, kwenye uraia siwezi kukupinga. Miaka 11 niko hapa na bado nikienda kufuatilia karatasi tumbo linauma. Wananitibu kama ndugu na kunihesabu kama mgeni, vyote viwili kwa wakati mmoja. Ila naomba nawe ujiulize, mke wa huyu ndugu wiki ya sita alikuwa anashika ukuta. Yeye alitakiwa asubiri jimbo libadilike mpaka lini?

Ngosha wa Dallas:

Wakuu nimesoma yote, mengine mke kanisomea kwa sauti nikiwa naendesha natoka kazini. Alipofika kwenye hilo la kushika ukuta alinyamaza akasema kumbe ulikuwa unaniona.

Karani nashukuru sana, kesho tuna apointimenti na mwanasheria. Kuhusu pasi ya Tanzania siwezi kusema nimeamua, baba alinizika kitovu Magu na kusaini karatasi ya kuikana nchi yake mkono wangu unakuwa mzito. Mtoto wa Kisauni hata hilo la Minnesota tumeliongea, lakini PhD ya mke iko Aarhus, haiko Minneapolis, na yeye kanifuata mimi huku 2017 akaacha kazi ya ualimu bila kuniuliza maswali haya yote.

Tumepanga hivi, yeye na watoto wanatangulia mwezi wa pili, mimi nabaki na nyumba nikifuatilia karatasi na kuendelea kutuma ada za wadogo mpaka wa kwanza amalize chuo mwezi wa saba. Januari nachukua siku kumi za likizo twende wote tukaone hilo giza kwanza. Mama Zuu kama hutajali tutapita Odense, na naomba uniambie hizo kozi za Kidenishi zinaanza mwezi gani, nataka nianze kujifunza hata kwa simu nikiwa shifti ya usiku wazee wakishalala.