Msaada tutani: nakadiria NOx ya tabaini ya gesi, njia tatu zimenipa majibu matatu yaliyopishana kabisa

mekanika_mwaka4

Wakuu habari za leo, naombeni msaada. Nipo mwaka wa mwisho uhandisi mitambo, projekti yangu ni kukadiria oksaidi za nitrojeni (NOx, yaani NO na NO2) zinazotoka kwenye chemba ya mwako ya tabaini ya gesi, ule mtambo niliufanyia fildi ni wa zamani kidogo, gesi asilia tupu, vichomeo vya kawaida ambavyo gesi na hewa vinakutana humohumo ndani na hakuna maji yanayopulizwa. Data nilizonazo: MW 30, ufanisi asilimia 36, presha ya chemba 20, hewa kilo 100 kwa sekunde, joto la gesi inayoingia kwenye tabaini kelvini 1400, ujazo wa eneo la mwako nimekisia kwa macho kwenye mchoro mita za ujazo 0.03.

Sasa nimeanza na mlinganyo wa Zeldovich (wa kasi ya NO kutengenezwa kwa joto) nikaweka hiyo 1400, jibu ni sifuri kabisa yaani hata ppm (sehemu kwa milioni) moja haifiki. Nikasema labda nitumie ikwilibriamu (mmenyuko ukiwa umefika mwisho wake) kwenye joto la mwali, 2500, ikaja maelfu ya ppm. Nikaenda kwenye fomula ya Lefebvre ya kukadiria NOx ya chemba (Tst, joto la mwali wa kipimo kamili, 2500; Tpz, joto la eneo la mwako, 2200) ikanipa gramu 0.037 kwa kilo ya gesi. Wiki ya pili sasa nahangaika na hii kitu na supavaiza anataka namba moja Ijumaa, nishike ipi?

Injinia_wa_Zamu

Mkuu pole, usishike hata moja kati ya hizo, ila kila moja imekosea kwa sababu yake na ukizielewa hizo sababu projekti yako imeshapona.

Ile 1400 ni joto BAADA ya hewa ya kupoza kuchanganyika. NOx haitengenezwi pale, inatengenezwa huko mbele gesi inapowakia, kwenye ngozi ya mwali, pale hewa na gesi zinapokutana kwa kipimo kamili. Ni kama chapati, ukipima joto la kikaango kizima ukagawa wastani utasema haiwezi kuungua, lakini igeuze uone doa jeusi katikati palipokuwa juu ya kaa la moto. Na joto hapa halina mchezo, hatua ya kwanza ya Zeldovich (O ikivunja N2) inahitaji nguvu kubwa sana, ukijumlisha na jinsi atomi za O zinavyoongezeka na joto unapata kitu kinachokwenda kama exp(-69000/T). Piga mwenyewe hesabu ya kutoka 1900 kwenda 2000, digrii mia tu, utaona kasi inapanda karibu mara sita. Ndiyo maana NOx ya wastani wa joto na wastani wa NOx ni vitu viwili tofauti kabisa, na hapa wanafunzi wengi wanaanguka.

Ikwilibriamu nayo inachukulia gesi imekaa humo mpaka imemaliza kila kitu. Kwenye chemba ya tabaini gesi inapita kwa milisekunde chache halafu inapigwa hewa baridi, NO haina muda wa kufika huko.

Ya Lefebvre ndiyo inakufaa kwa mtambo wa aina hiyo, maana yeye alitenganisha joto mbili makusudi: Tst kwa ajili ya kasi ya kutengenezwa, Tpz kwa ajili ya muda gesi inaokaa. Ila hiyo 0.037 haiwezekani. Swali moja tu, presha umeweka 20 ya nini?

mekanika_mwaka4

Bar mkuu.

Injinia_wa_Zamu

Basi tumempata. Fomula ni 9×10⁻⁸ · P^1.25 · Vc · exp(0.01·Tst) / (mA · Tpz), Vc ni ule ujazo wa eneo la mwako, mA ni hewa kwa sekunde, na P ni presha kwa KILOPASKALI. Weka 2000 uone. Bar moja ni kilopaskali mia, na mia moja ikipandishwa kwa 1.25 ni kama 316, ndiyo uliyokuwa umeipoteza.

mekanika_mwaka4

Aisee!! 11.8 g kwa kilo. Gesi inayoungua ni kama kilo 6000 kwa saa (nimegawa 83.3 MW kwa MJ 50 kwa kilo) kwahiyo kilo 71 za NOx kwa saa. Hapo sasa nalinganisha na nini?

Mama_Hewa_Safi

Mwanangu mimi nafanya mambo ya mazingira, niongeze upande wangu. Linganisha na vipimo vya wastani vya EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, kwenye mwongozo wao AP-42 sura ya 3.1, vinatumika sana kwenye ripoti za hapa kwetu pia. Gesi asilia bila udhibiti wowote ni pauni 0.32 kwa MMBtu (Btu milioni moja za joto), ukipuliza maji au mvuke 0.13, vichomeo vinavyochanganya hewa nyingi na gesi kabla ya kuwaka 0.099. Kwa vipimo vyetu ni kama gramu 138, 56 na 43 kwa gigajuli.

Tahadhari sasa, na hii nimeiona kwenye ripoti nyingi mpaka inaniuma: hivyo vipimo ni kwa thamani ya JUU ya joto la gesi, wakati ufanisi wa tabaini unatolewa kwa thamani ya CHINI. Kwa gesi kama ya Songo Songo ambayo karibu yote ni methani tofauti ni kama asilimia 11. Kwahiyo 83.3 yako iwe 92.5, hiyo ni GJ 333 kwa saa, mara 138 unapata kilo 46. Halafu ni vya mtambo ukiwa na lodi ya asilimia 80 kwenda juu, mtambo ukishushwa lodi usivitumie.

Na jambo la pili, NOx inaripotiwa kwa uzito kama NO2 (uzito wa molekuli 46) hata kama sehemu kubwa ya inayotoka kwenye dohani ni NO (30). Ukitumia 30 umejipunguzia theluthi nzima ya moshi na watu wanaoishi jirani na mtambo ndio wanaovuta hiyo tofauti. Kule fildi hawakukupa namba ya kipimo?

mekanika_mwaka4

Shikamoo mama. Walinipa karatasi moja, siku hiyo lodi kamili, ppm 62 kavu (bila mvuke wa maji), oksijeni asilimia 16.0. Nikaona 62 ni ndogo nikaiacha.

Mama_Hewa_Safi

Marahaba. Usiiache, hiyo ndiyo dhahabu yako! Sio ndogo, imechanganywa na hewa tu. Ipeleke kwenye oksijeni 15: 62 × (20.9−15)/(20.9−16.0) = karibu 75. Ukizidisha 2.05 (kugeuza ppm kuwa uzito wa NO2) ni miligramu 153 hivi kwa mita ya ujazo, wakati mwongozo wa Benki ya Dunia wa 2008 kwa tabaini mpya za gesi zaidi ya MW 50 za joto unasema 51. Kwa kilo inakuja kama 40 kwa saa.

Injinia_wa_Zamu

Mama kanikumbusha kitu. Ilipimwa Dar? Maana hewa yetu ina unyevu mwingi na unyevu unapoza mwali. Kuna sahihisho la zamani la EPA la kurudisha kwenye digrii 15 na unyevu wa kawaida: e^(19(H−0.00633)) mara (288/T)^1.53, H ni kilo za mvuke kwa kilo ya hewa kavu na T ni joto la hewa kwa kelvini. Kwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 70, H ni kama 0.0188, jumla inazidisha 1.17. Kwahiyo 75 inakuwa 87 au 88, na ile 0.32 ya AP-42 ukiigeuza ni ppm 87. Lakini kwenye kilo zinazotoka kweli siku ile weka 40, hilo sahihisho ni la kulinganishia mitambo tu.

mekanika_mwaka4

Dah wakuu. Kwahiyo kipimo 40, AP-42 46, Lefebvre 71. Nikishusha Vc iwe 0.017 yote yanakaa sawa, nifanye hivyo?

Injinia_wa_Zamu

Hapana, usifanye. Vc umekisia kwa macho na inaingia kwenye jibu moja kwa moja, ukikosea mara mbili jibu linakosea mara mbili, kwahiyo kapime mchoro vizuri, eneo la mwako tu usihesabu sehemu ya hewa ya kupoza, ukipata 0.017 sawa, ukipata 0.028 andika hiyohiyo na useme fomula imezidisha. Halafu kama laptopu yako inaweza, shusha Cantera, programu ya kemia ya mwako, ni bure, tumia GRI-Mech 3.0 (orodha ya mimenyuko ya gesi asilia), gawa chemba vipande vitatu vinne vya joto tofauti, utaona mwenyewe NOx inazaliwa kipande gani.

mekanika_mwaka4

Sawa mkuu, mchoro upo kwa mwenzangu Mbezi, namfuata jioni hii na rula. Nitaleta Vc hapa kesho.